Siri Uliyoniachia, Noam

Mpendwa Noam,

Wiki sita sasa tangu tupate habari kwamba umeuawa vitani, na bado sijui kutulia mahali pamoja. Nikiketi nasimama. Nikiwasha jiko nazima. Binti yangu ananiambia kwa Kiingereza nipumzike, nami namjibu kwa Kiswahili kwamba napumzika, huku nikifuta meza niliyoifuta dakika tano zilizopita.

Ulikuwa na miaka minne nilipoanza kazi ya kukulea. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu hapa Toronto, nimetoka Kakamega na viatu vya jua. Siku ya kwanza ya barafu nilianguka mara mbili mlangoni penu. Ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukanishika kidole: "Tembea kama bata, Shangazi." Jina hilo nilikufundisha mimi. Mama yako naye nikamwita Mama Noam, kama tunavyoitana kwetu, akalipenda.

Unakumbuka sufuria ya maziwa? Kwenu Wayahudi vyombo vya nyama na vya maziwa havichanganywi, nami nikaisugua kwa sponji ya vyombo vya nyama. Bibi yako akaona. Kabla sijafungua kinywa ukasema, "Ni mimi, Bibi." Miaka saba hujafikisha! Ukanikonyeza. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kutunziana siri.

Ndiyo maana uliponipigia simu kutoka kambini, ulikojiunga na jeshi la nchi ya Wayahudi, nilishindwa kukukatalia. Mama yako aliamini unafanya kazi ya stoo, mbali na risasi.

"Shangazi, nimehamia kikosi cha mapigano. Nimeomba mwenyewe. Usimwambie Mama, hatapata usingizi."

"Na mimi nitaupata?"

Ukacheka tu. Nikanyamaza miezi mitatu.

Walikuzika huko huko, kisha wazazi wako wakarudi kumalizia siku saba za matanga nyumbani. Dada mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza naendaje kwenye msiba wa vita vile, na watoto wa upande wa pili wanakufa. Nikamwambia hao nao nawalilia. Lakini wewe nilikuogesha kwa mikono hii.

Nilipanda basi kutoka mtaani kwangu Mount Dennis na mfuko wa machungwa, maana chapati za jiko langu, linalochanganya nyama na maziwa, zisingeliwa pale. Mlango ulikuwa wazi. Vioo vimefunikwa, mama yako ameketi kwenye kiti kifupi, blauzi imechanwa kifuani, kama desturi yenu ya msiba. Kwetu ningeingia nikilia kwa sauti, nimkumbatie. Kwenu mgeni husubiri mfiwa aanze kusema. Nikasubiri, nimeupakata mfuko wa machungwa.

Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, "Sisi tulidhani yuko stoo. Nani alijua?"

"Mimi, Mama Noam."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

Aliinuka akaenda jikoni. Baba yako akainamisha kichwa. Nilikuwa navaa koti niondoke nilipomsikia nyuma yangu.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema. "Lakini keti. Niambie maneno yake yote, moja moja."

Tangu hapo mama yako hunipigia simu kila Alhamisi asubuhi. Hanisalimu. "Alisema nini kingine?" Nami nampa: kwamba uliilalamikia chai ya kambini, kwamba jirani yako wa kitanda alikoroma kama trekta, kwamba uliogopa, na hukuona haya kuniambia. Kila wiki nachimba. Wiki jana sikuwa na kitu. Nilikwishaanza kutunga moyoni, maneno matamu ambayo hukuyasema, na najua angeyaamini. Nikajiuma ulimi.

"Yameisha, Mama Noam. Sina lingine."

Nikangoja akate simu.

"Basi leo nikusimulie mimi," akasema. "Siku aliyozaliwa wewe hukuwepo."

Akaanza. Nilisimama dirishani na koti mwilini, basi la kazini likapita, na la pili likapita, mimi nasikiliza.

Nimekukasirikia, mwanangu, na sijamaliza. Hata hivyo pumzika wewe, maana sisi huku bado hatujaweza.

Mimi,
Shangazi yako