Kingine Kiko Wapi?

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Hali yako? Na lile goti linalokusumbua ukikanyaga cherehani, limepata nafuu? Shemeji hajambo? Mimi huku ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sababu utaiona ukinivumilia. Sikuthubutu kupiga simu, maana ningesikia sauti yako ningedanganya tena.

Ule mswada wangu wa filamu umenunuliwa. Walipenda kila kitu isipokuwa jina. Nilikuwa nimeuita "Machozi ya Nafsi", nikajiona mtu wa maana. Mwongozaji wetu ana mtindo wake: haamini jina mpaka amelipeleka kwa mama anayekata tiketi pale sinema. Hulitamka mara moja tu dirishani. Mama akipiga miayo, jina limekufa. Langu alilipigia miayo hata halijaisha. Nikapeleka mengine sita, yote yakaenda na maji. La mwisho aliuliza kama ni la filamu au la dawa ya kikohozi.

Juzi, kwa kukata tamaa, nikasema "Kiatu Kimoja". Mama yule akaweka kalamu chini, akauliza kingine kiko wapi. Mwongozaji akapiga makofi, akasema jina linalomfanya mtu aulize ndilo linalomfanya anunue tiketi. Hapohapo likapita. Nikacheka nao, lakini uso ulikuwa unaniwaka.

Jina hilo unalijua. Ndilo ulilokuwa ukiitwa na shule nzima, muhula ule ulipokwenda na kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Viatu vyenyewe vilikuwa vipya, vyeusi, vyenye kifungo cha pembeni. Mama yetu alikuchapa kwa uzembe wa kupoteza kimoja, mbwa wa jirani akabebeshwa lawama, nasi tukakitafuta siku tatu, mpaka ndani ya banda la kuku. Wewe uliyekuwa wa kwanza kupanda jukwaani kukariri mashairi, hukupanda tena. Ukahamia dawati la nyuma, miguu umeificha. Na kwenye mswada, dada, mtoto huyo nimemfanya kuwa mimi. Mwongozaji alipouliza kama yalinikuta kweli, nikasema ndiyo.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mbwa hakukichukua. Mimi ndiye niliyekitumbukiza chooni. Wewe ulinunuliwa vipya, mimi nikaachiwa vyako vya zamani, nikaingiwa na kijicho. Na lile jina, mimi ndiye niliyelitamka kwanza mbele ya wenzangu ili nisishukiwe. Wao walilidaka tu. Nimeona aibu miaka yote hii, na bado nikalipeleka dirishani.

Mabango yanachapwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimemwambia mwongozaji kuwa jina lina mwenyewe, na kwamba halichapwi mpaka mwenyewe aseme. Ukikataa, tutarudi kwenye dawa ya kikohozi na sitanung'unika. Ukikubali, mtoto wa kwenye filamu atakuwa wewe, na mdogo wake atakuwemo, na choo kitakuwemo.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo. Mama usimwambie, nitakwenda mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
niliyetafuta nawe siku tatu nikijua kilipo.