Hatua Elfu Moja na Mia Mbili Hadi Neptuni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza bila shikamoo.

Ijumaa nimefundisha somo lako la sayari, hapa hapa Kibakwe, shule ile ile. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano na wewe ndiye mwalimu wetu? Uliweka boga chini ya mlingoti wa bendera ukasema hilo ndilo Jua. Ukahesabu hatua arobaini, ukaweka punje ya uwele: Dunia. Mwezi ukawa chembe ya unga, upana wa kiganja kutoka hapo. "Binadamu hajavuka kiganja hiki," ulisema. Mara kuku wa mwalimu mkuu akaidonoa Dunia! Nikakimbilia punje nyingine, ukanizuia: "Hakuna nyingine, mwanangu." Ukaendelea na safari bila Dunia.

Ukapita Mirihi, ukamwaga chenga za mtama kuwa asteroidi, hadi Mshtarii, zabibu kubwa ya Makutupora. Hapo kengele ikalia. Kila mwaka ililia hapo hapo. "Chombo cha angani kimesafiri miaka kumi na miwili hadi Neptuni," ulilalamika, "sisi kengele inatushinda." Ukaila Mshtarii, tukarudi darasani. Ulistaafu, na sasa umetutoka, hujafika Neptuni na darasa hata moja. Iliniuma sana.

Kwa hiyo niliomba vipindi viwili mfululizo. Dunia niliibandika kwa gundi kwenye kipande cha boksi, maana kuku hawajabadilika. Tulipofika Mshtarii kengele ikalia, wanafunzi wakaniangalia. Nikawaambia twende. Tukashuka mteremko tukihesabu kwa sauti, na hatua ya elfu moja na mia mbili ikatuangukia mlangoni kwetu. Mama alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu. Mmepotea?"

"Tumefika Neptuni, bibi."

Mama akaweka ungo chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Basi mwalimu wenu wa zamani alikuwa anakuja huku kila mchana kula ugali."

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya wanafunzi. Miaka yote ile, Baba, ulikuwa unakwenda Neptuni na kurudi kabla ya kipindi cha mchana. Hukuwahi tu kuhesabu.

Kwako kengele hailii tena. Tembea taratibu.

Binti yako,
mwalimu wa darasa la tano