Herufi Nne Kati ya M na A

Jumatatu, 5 Mei

Madaftari arobaini na moja. Nimefika la kumi na tisa, chai imepoa. "Vitabu zangu" mara sita. "Hii kitabu" mara nne. "Ilipelekea" sikuhesabu, ingenipandisha presha. Salumu ameandika: "Mwalimu amefundishwa sisi kauli za vitenzi." Nimecheka peke yangu mezani. Kisha nikamkata alama.

Kidato cha pili, shule ya chini ya mlima. Jumatatu na Alhamisi. Nilistaafu zamani. Najitolea kwa sababu mkondo huu hauna mwalimu wa Kiswahili, na kwa sababu mkuu wa shule, Deogratias, aliniomba. Deo nilimfundisha mwenyewe, shule ya Mikese, kaptula yake ikiwa na viraka viwili. Leo ana tai. Bado ananiamkia kabla sijafika mlangoni. Bado anachanganya "pale", mahali mahususi, na "kule", upande usio dhahiri.

Kutoka nyumbani Mafiga hadi shuleni ni mwendo wa dakika arobaini kwa magoti yangu. Mlima ulionekana nusu, juu yote ukungu. Miaka sitini na mitatu nautazama kutoka chini. Sijauzoea kwa upande huu.

Alhamisi, 8 Mei

Mnyambuliko. Nimeandika ubaoni: hama, hamia, hamisha, hamishwa. Mzizi mmoja, watu wanne tofauti. Anayehama ana miguu yake. Anayehamishwa ana miguu pia, lakini uamuzi ni wa mwingine. Hilo ndilo somo lote. Wamenakili bila kuinua macho.

Kazi ya nyumbani: waulize wazee namna walivyofika wanapoishi, waandike sentensi moja. Moja tu. Sentensi moja ni ngumu kuliko insha, haina pa kujificha. Zitakwenda kwenye gazeti la ukutani la Siku ya Wazazi, Ijumaa tarehe 30.

Salumu: "Mwalimu, sisi tumezaliwa hapahapa, hatujatoka popote. Niandike nini?"

Nimemwambia aandike hivyohivyo, bila kosa. Ameona nimempendelea.

Jumatatu, 12 Mei

Siko sawa leo.

Nasoma sentensi kwa sauti, kama kawaida. Nyingi ni za Dar es Salaam, za kazi, za ndoa. Nikafika ya Koleta. Binti mkimya wa dawati la tatu, mwandiko mzuri, unalalia kushoto. "Bibi yangu na mama yake walihama kutoka Juu."

Juu, kwa herufi kubwa.

Darasa likacheka. Salumu akamwambia kuwa juu ni kielezi, si jina la kijiji, labda bibi yake alitoka kwenye dari. Koleta akashikilia: bibi anasema ni jina.

Ni jina. Sikujua kama kuna mwingine aliye hai analitamka. Kijiji chetu kilikuwa na jina refu la Kiluguru kwa wageni, lakini sisi wenyewe tulisema Juu. Juu kwa kina mama. Mazishi Juu. Nilikaa kwenye kiti kidogo, chaki mkononi.

Sikumwambia chochote kuhusu mimi. Nilimuuliza swali la sarufi tu: nani alitenda? Akafikiri. Akasema bibi yake huwa anasema "tulitolewa". Nikasema, basi tazama kitenzi chako, kama kinasema anachosema bibi. Akachukua penseli. Akaweka alama ya kuingiza kati ya m na a, na juu yake akaandika herufi nne: i, s, h, w. Mwenyewe. Sikumshika mkono.

Walihamishwa.

Nikampa vema kubwa.

Alhamisi, 15 Mei

Wamepamba gazeti la ukutani. Manila nyeupe, maka peni nyeusi, kila mtu mwandiko wake. Sentensi ya Koleta iko katikati kwa sababu ndiye mwenye mwandiko. Nimezunguka nikitafuta makosa. Moja tu, nukta ya Salumu.

Saa sita Deo ameniita ofisini. Shikamoo, karibu, soda. Soda ikanionya. Kisha akasema mgeni rasmi wa Siku ya Wazazi anatoka ofisi inayosimamia msitu. Kwamba mgeni ameahidi madawati. Kwamba watoto wanakaa wanne kwenye dawati la wawili, nami najua. Najua. Kwamba neno lile katikati ya bango litaleta maneno.

"Mwalimu, si ungesema walihama tu? Nayo ni sahihi."

Ni sahihi. Hilo ndilo baya lake. Halina kosa hata moja na ni uongo. Nimemwambia hivyo. Akashusha macho kama wa kidato cha kwanza. Akasema tukibishana zaidi itabidi afikirie ratiba yangu.

Sikunywa soda.

Ijumaa, 16 Mei

Sifuti.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoka misa nikakaa barazani, nikaandika hili polepole ili nisilikosee.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Walikuja watu na ndoo ya chokaa, wakapaka miti mstari mweupe. Mstari ulipita chini ya nyumba yetu. Kesho yake tukawa ndani ya msitu bila kusogea hatua moja. Shamba lilikuwa la mama, si la baba. Kwetu ardhi hupita upande wa mama, kwenye lukolo lake, ukoo wake. Kwa hiyo mama ndiye aliyeambiwa aweke dole gumba. Hakuulizwa kitu. Alishuka na jiwe la kusagia kichwani. Kwenye kona ya njia, pale mto unaposikika kabla ya kuonekana, alilishusha. Akasema atalirudia.

Sasa sehemu inayoniaibisha. Chuoni, insha yangu ya kwanza: "Wazazi wangu walihama milimani wakatafuta maisha bora." Nilipata alama nzuri kuliko wote. Nilijua herufi zile nne. Nilikuwa nimezikariri. Sikuziweka kwa sababu nilitaka ualimu na sikutaka maswali. Fomu zote za maisha yangu zinasema nilihama. Miaka thelathini na nane ya kufundisha kauli, mfano wangu ubaoni ulikuwa: Juma amehama.

Binti wa miaka kumi na minne amenisahihisha kwa penseli bila kujua.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekuta kazi ya Deo. Kipande cha karatasi nyeupe, kimekatwa kwa rula, kimebandikwa kwa gundi juu ya herufi nne. Nadhifu. Hakutaka kumchanachania mtoto bango lake, hilo namshukuru.

Lakini amesahau jambo ambalo hata Salumu analijua. Ukitoa kiambishi, lazima uvute mwisho wa neno uukute mzizi. Yeye ameacha nafasi. Sasa bango linasomeka: "waliham", kisha pengo jeupe la upana wa vidole vinne, kisha "a" peke yake kwa mbali, kama ndama aliyeachwa.

Mwanafunzi wangu mwenyewe. Nimeona haya kidogo kwa kazi yangu, na furaha kubwa.

Alhamisi, 22 Mei

Shule nzima inalisoma pengo. Wiki iliyopita hakuna aliyesimama mbele ya bango lile isipokuwa mimi. Leo wakati wa uji nimekuta kundi.

"Waliham... a," Salumu anasoma akivuta pumzi katikati. "Hawa walihama kwa kusitasita."

"Walihamaki," mwingine akasema.

"We, k iko wapi hapo? Hesabu vidole. Herufi nne, mwanangu, nne."

Wamehesabu vidole. Nusu saa ya mnyambuliko bila mwalimu, bila chaki. Koleta alikuwa pembeni, mikono nyuma. Nilimuuliza kama angependa niliondoe bango lake lisimletee shida. Akatikisa kichwa. Akasema, "Bibi anakuja Ijumaa ile, Mwalimu. Nimeshamwambia yumo ukutani."

Jumatatu, 26 Mei

Deo amenisimamisha koridoni. Hakuniita ofisini, hakuna soda. Anaomba nishushe bango zima kabla ya Ijumaa. Watoto watanisikiliza, yeye watamnong'ona. Nikishusha, Jumatatu ijayo nitakuwa darasani kama kawaida. Nisiposhusha, hataweza kunitetea.

Nawapenda wale watoto kuliko ninavyowaonyesha. Bado hatujafika kauli ya kutendeana. Mitihani yao ni Novemba. Salumu ameanza kusema "vitabu vyangu" bila kukumbushwa.

Nikamwambia karatasi kaibandika yeye na sentensi kaiandika Koleta. Langu halimo hata moja. Sina cha kushusha.

Akaondoka haraka. Mgongo wake ni uleule wa Mikese.

Ijumaa, 30 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Turubai, viti vya plastiki, ngoma. Mgeni rasmi amekuja, mtu mpole, kijana kuliko nilivyotarajia. Madawati yalikuwa yameshashushwa tangu asubuhi, yamepangwa uani, yananukia mbao mpya. Wazazi wakaalikwa kutazama kazi za watoto kwanza, mgeni mbele, Deo ubavuni.

Koleta alimwongoza bibi yake kwa mkono. Bibi Fides. Mdogo, kanga mbili, mkongojo wa mti mbichi. Hajui kusoma. Koleta akamwekea kidole kwenye neno la kwanza akamsomea: Bibi yangu. Bibi akacheka. Wakaendelea. Kidole kikafika penye pengo kikasimama.

"Hapa pana nini? Mbona hamna kitu?"

Mgeni alikuwa hatua tatu nyuma. Deo akakohoa. Koleta akanitazama mimi. Sikumpa ishara yoyote. Naapa sikumpa.

Koleta akasema, "Pamezibwa, bibi."

"Na chini yake?"

Hapo darasa langu, kidato cha pili chote, waliokuwa wamejazana dirishani, wakajibu kwa pamoja kama wanaoitwa majina: "I! S! H! W!" Sauti ya Salumu juu ya wote.

Bibi Fides hakuelewa herufi. Alielewa kuzibwa. Akaweka ukucha kwenye pembe ya karatasi akaibandua taratibu, kama anayemenya kitunguu saumu. Ilitoka nzima. Akamkabidhi Deo mkononi, kwa heshima, kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Deo akaipokea kwa mikono miwili. Angefanyaje?

Koleta akasoma hadi mwisho. Walihamishwa kutoka Juu.

"Ehe," bibi akasema. "Sasa ndiyo."

Mgeni alisoma. Akasoma tena. Kisha akaenda kwenye viti. Hotuba yake ilikuwa fupi. Madawati aliyakabidhi.

Kabla ya chakula Bibi Fides alinijia. Nilimwamkia dada, kwa kuwa sikujua nani mkubwa. Akanitazama sana. Akauliza, "Wewe wa lukolo gani?" Nikamtajia. Akashika mkono wangu akakaa nao, hajauachia hadi pilau limekuja. Mimi ni mkubwa kwa miaka saba. Alishuka mgongoni kwa mama yake. Anasema anakumbuka mwanamke mbele yao mwenye jiwe kichwani, akilishusha kwenye kona.

Jumatatu, 2 Juni

Sikuingia darasani. Deo alinisubiri getini na bahasha. Hakuniangalia.

Barua ya mistari mitano, shukrani nyingi. Mstari wa nne: "Mwalimu amepumzika kufundisha kuanzia tarehe ya barua hii." Nakala: ubao wa matangazo.

Nikaisoma nimesimama. Nikamwomba kalamu. Alikuwa na ya bluu, nikakataa, nikatoa yangu nyekundu. Nikakata "ik". Juu yake nikaandika "ishw". Herufi zilezile nne. Pembeni nikaandika: Nani alitenda? Nikamrudishia.

Nilifika hadi kwenye kona ya barabara ndipo nikalia. Hasira, si huzuni. Huzuni kidogo.

Watoto walikuwa wanaimba ndani. Wana vipindi viwili vya Kiswahili bila mtu.

Jumatano, 4 Juni

Mvua zimekwisha. Mlima umeonekana wote asubuhi hii, hadi kileleni. Nimefua, nimepanga vitabu.

Saa kumi Deo amekuja hapa Mafiga. Mara ya kwanza kuingia nyumbani kwangu. Tai hana. Amekaa kwenye ncha ya kiti, akala karanga. Madawati yapo. Bango lipo, amesema mlangoni. Hajaligusa.

Ameacha bahasha mezani. Nimeifungua alipofika barabarani.

Barua ileile, imechapwa upya. Sahihi yake, muhuri wa shule. Mstari wa nne: "Mwalimu amepumzishwa kufundisha, nami ndiye niliyempumzisha." Nakala: ubao wa matangazo.

Hakunirudishia darasa. Amenirudishia kitenzi, na mtenda.

Bibi Fides amenitumia salamu kwa Koleta: kiangazi hiki tupande hadi kwenye kona, mjukuu atatubebea maji. Anataka kuona kama jiwe lingali pale. Nimeuliza mara mbili. Koleta anasema bibi yake alisema "pale". Siyo "kule".

Kalamu nyekundu ilikuwa na tone la mwisho. Nimeweka vema pembeni mwa mstari wa nne.