Buni Zilizoanikwa Kivulini

Jumanne, 1 Julai

Nimeswali, nimewasha jiko, nimekunywa dawa ya presha kwa maji ya moto. Kahawa hakuna. Siku ya kumi na tisa hii, Kasulu.

Mwanangu Twalib kaniachia mezani lile kopo lake la kahawa ya unga. Unga! Wakoroga kwa kijiko kama dawa ya minyoo. Nimelifunika kwa sahani nisilione.

Daftari hili kaninunulia niandikie vipimo vya presha. Nitaandika nitakacho.

Baridi. Vumbi jekundu mpaka ndani ya mtandio. Mji mzima wanywa chai ya maziwa na wajiona wamestaarabika.

Alhamisi, 3 Julai

Tumekubaliana, mimi na mwanangu. Ataka nihamie huku moja kwa moja, nisikae peke yangu Mombasa sasa babake hayupo. Duka lake la bati na misumari liko huku. Mke hana, na kutafutiwa hataki. Nimemwambia hivi: mwezi huu ukiisha sijapata kikombe kimoja cha kahawa ya maana, anikatie tiketi nirudi zangu Kenya. Nikikipata, nakaa. Akacheka. Adhani nadeka.

Sideki. Babake aliuza kahawa miaka thelathini na mmoja, akizunguka na dele lake, birika la shaba, mitaa ya Mji wa Kale, na kila punje iliyoingia mle niliikaanga mimi nikaitwanga mimi. Sifa akachukua yeye. Haya, marehemu hasemwi. Lakini kahawa naijua.

Jumamosi, 5 Julai

Kumbe pana kijiwe cha kahawa karibu na msikiti. Wanaume watupu, kwa hiyo nimempa Twalib chupa akanijazie. Kaileta mbio, uso umemng'ara.

Makaa. Wamekaanga mpaka zikawa makaa, kisha wakachemsha, wakaongeza maji, wakachemsha tena. Na hapo wazee wazima wamekaa wanazungumza siasa na wanavuta midomo kana kwamba wanakunywa kitu. Nimemwaga kwenye mtaro. Nauonea huruma mtaro.

Jumanne, 8 Julai

Kibondo. Twalib alikuwa anapeleka bati, nikapanda mbele. Eti pale kuna mama mwenye asili ya Tanga, kahawa yake haina mfano. Barabara imenipiga kiuno mpaka nimetamani kulia.

Mama mwenyewe mcheshi, baibui safi, salamu za pwani zote anazo. Nikasema hapa nimefika. Akatoa chupa ya chai, akanimiminia kahawa aliyoipika jana. Jana! Na karafuu ndani, konzi nzima. Mtu akikutilia karafuu zote hizo ana jambo analificha.

Nilikunywa nusu kwa adabu.

Ijumaa, 11 Julai

Jirani yetu ukuta kwa ukuta anaitwa Mama Domina. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, yeye ni raia wa hapa siku nyingi. Hapa mjini anauza maharage sokoni. Shamba liko Muyama, na shamba lenyewe ni la kahawa.

Nilidhani nimepata mwokozi. Nikamwuliza yeye kahawa yake huipikaje.

Hajawahi kuionja.

Nikarudia swali, labda hakunielewa. Alinielewa vizuri. Toka msichana anachuma, anamenya, anaosha, anaanika, anapeleka chama cha ushirika, kisha anarudi nyumbani kunywa chai. Mumewe hivyo hivyo. Kijiji kizima hivyo hivyo. Wamelala juu ya hazina na kuamka asubuhi wanakunywa majani. Sijapata kuona watu kama hawa, wallahi.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Domina kaomba aanike buni kwenye varanda yetu ya nyuma. Kwake kuna kuku, na kwetu kuna kivuli. Kivuli! Jua hili lote la kiangazi, yeye aanika kivulini. Miaka yote hiyo na hata kuanika hajui.

Lakini buni zenyewe. Zimelingana kama zimepimwa, hakuna iliyovunjika, hakuna yenye doa. Marehemu angezitembelea kila siku kama wagonjwa.

Alinieleza habari ndefu ya miti minne, sijui imefanyaje. Sikumsikiliza. Nilikuwa natazama buni. Yeye kaenda Muyama, atarudi Jumatatu, kaniomba nimwangalizie.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekipata.

Siku tatu nimepita pale varandani nikiangalia pembeni. Leo nikasema, kwani nini? Mtu ana shamba zima. Kwetu anayekuangalizia kitu hakosi fungu lake. Nikachota bakuli. Nikatwanga taratibu, ganda likatoka kama la mpunga, nikapeta. Nikakaanga kwa moto mdogo, sikuondoka jikoni hata kujibu simu. Tangawizi kavu kidogo, iliki moja. Basi.

Nimekaa kibarazani na finjani yangu nikalia. Mtu mzima mimi. Ni tamu kuliko ya marehemu. Nimeandika hapa na sitalitamka popote.

Jioni nikachota tena. Kesho nitakaanga ya wiki nzima, na Mama Domina akirudi nitampelekea kikombe cha shukrani, ajue anacholima. Twalib nitamwambia siku hiyo hiyo. Acha asubiri.

Jumatatu, 21 Julai

Zilikuwa mbegu.

Mama Domina alirudi asubuhi, akatazama mkeka, akatazama kinu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akapiga magoti, akaokota zilizobaki moja moja, hazikujaa kiganja.

Leo nimeisikiliza habari ya miti minne. Mwaka juzi ugonjwa wa chulebuni uliingia shambani, matunda yakaoza mitini, shamba zima likawa jeusi. Miti minne tu haikuguswa. Amengoja miaka miwili izae vya kutosha. Mingine yote ameshaing'oa. Kitalu tayari ameshakilima Muyama, kinangoja mbegu hizo na si nyingine. Kivulini ndiko zinakoanikwa mbegu, jua linaziua. Alinieleza yote haya mwanzo. Mimi nilikuwa nacheka moyoni.

Shamba la mtu nimelinywa. Kwa iliki.

Jumanne, 22 Julai

Sijala. Kahawa iliyosagwa imo koponi, sijaigusa. Inanukia nyumba nzima. Nimewahi kudharau watu wengi maishani na wengi walistahili. Leo zamu yangu.

Nimemwambia Twalib kwamba nilitwanga mbegu za watu. Hakunigombeza. Akaenda kumwambia Mama Domina atamnunulia miche kwa watu wa kilimo, mingi atakavyo. Akakataa. Miche hiyo haikutoka kwenye miti minne. Nani ajuaye kama itaihimili chulebuni? Nilimsikia kupitia ukutani. Ana haki.

Lakini alisema na jambo jingine. Kule juu, kwenye vilele, aliacha matunda yaliyokuwa bado mabichi. Kama ndege hawajayamaliza.

Ijumaa, 25 Julai

Muyama. Sikualikwa. Niliamka alfajiri nikamkuta anafunga kikapu, nikasema nami nakwenda. Akanitazama magoti. Twalib akatupeleka.

Miaka thelathini na mmoja nakaanga kahawa, mti wake sijapata kuuona. Nikadhani ni mkubwa kama mwembe. Mti wenyewe mfupi, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Matunda mekundu. Mekundu! Nilitafuna moja, ni tamu kama sukari. Nikamwuliza Mama Domina mbona hakuna aliyeniambia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka. La dharau lile cheko. Nalijua, ni kama langu.

Shamba lililobaki ni mashimo. Mistari na mistari ya mashimo, na miti minne imesimama upande wa chini. Niliyatazama mashimo hayo kila moja.

Yeye alivuta matawi kwa ndoano, mimi nikachuma. Vidole vyangu vizito, nilikuwa nakata na kikonyo, akanionyesha tena na tena kama mtoto wa chekechea. Tumepata nusu kikapu. Tukamenya kwa mkono, tukaosha. Anasema zinatosha kwa robo ya shamba, mwaka huu. Robo. Nyingine mpaka mwakani.

Jumapili, 27 Julai

Mama Domina alipotoka kanisani kapitia kwetu. Kasema anataka kuionja. Ile ile niliyoitwanga. Shamba lake alilolima maisha yake yote, ajue lina ladha gani.

Sijawahi kumpikia mtu kahawa kwa hofu, hata siku ya posa. Nikampa finjani nzuri ya marehemu.

Alinusa. Akanywa kidogo. Uso ukamkunjamana kama katafuna muarobaini.

"Ni hii tu, Mama Twalib?"

Nikasema ni hii.

Akatazama ndani ya finjani muda mrefu. Akasema amevunjika mgongo miaka yote, wameuza ng'ombe kununua dawa ya miti, mama yake amekufa akichuma, na kumbe huko inakopelekwa watu wanataka hii. Akaomba sukari. Nikampa. Vijiko vinne! Akaongeza maziwa, akakoroga, akaimaliza, akasema sasa angalau inanyweka.

Kikombe bora nilichopata kupika maishani. Nilimwoshea finjani yake, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Alhamisi, 31 Julai

Mwezi umeisha.

Mbegu zimeshaingia kitaluni, tumezifunika kwa nyasi kavu. Kila jioni zinyweshwe, maji kidogo, yasizidi. Miezi miwili ndipo zichomoze. Mama Domina hawezi kuwa Muyama na sokoni kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku zake za soko nakwenda mimi. Watoto wa kule wameshanizoea, wananiita Bibi Kahawa. Wananisalimu kwa Kiha, mwakeye, Bibi Kahawa! Nawaitikia.

Twalib kauliza zile buni zilikuwaje, alipoona kopo limekwisha. Nimemwambia ziliungua; kikombe cha mbegu za watu sikihesabu.

Akauliza kama basi akate tiketi, maana kikombe sijapata na ahadi ni ahadi. Alikuwa anatazama chini.

Nimemwambia sijapata, ndiyo. Naongeza miezi miwili ya kutafuta.

Nimekunywa dawa kwa maji ya moto. Kesho ni siku ya soko.