Ukuta wa Zaituni

Mushasha, Gitega
14 Mei 2023

Mpendwa baba mdogo Damiano,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti yote mawili. Habari za Kasulu? Mama mdogo Adventina mguu wake umepona, au bado anaupaka mafuta huku akisema haumwi? Sisi huku wazima. Mama yuko Nyarusange, analima na kugombana na mbuzi wa jirani, maana yake afya anayo. Mvua zimetutendea mema, maharage yamefunika hadi njia ya kwenda kisimani. Tunamshukuru Mungu.

Barua hii anakuletea Gervasi, yule anayekuja huko kufuata mchele. Najua simu ingekuwa rahisi, lakini simu yako ya tochi haionyeshi picha, na mimi nataka uzione kazi zangu kwa macho yako. Nimeweka karatasi chache ndani ya bahasha. Tafadhali usizikunje, na usimpe mtu afungie karanga.

Ulipoandika wakati wa Pasaka uliniuliza: nirudi Burundi kufanya nini, na kazi yangu ya brashi imeliwa na mashine zenu? Swali hilo kwanza lilinikera, halafu likanihuzunisha. Leo ndiyo najibu. Ila niache kwanza nikueleze mashine zenyewe zinavyoishi, kwa sababu naona unazipa heshima kuliko zinavyostahili.

Nina kompyuta moja, printa inayokohoa, na betri ya gari kwa siku ambazo umeme umegoma. Chumba changu kiko karibu na shule, kwa hiyo vyeti vya wanafunzi havikosekani. Zaidi ya hivyo ni kadi za harusi, kalenda za kwaya, na vibandiko vya chupa za asali. Vibandiko ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Mahali ni padogo, maneno ni mengi, na lazima nyuki aonekane nyuki, asije akaonekana nzi.

Kadi za harusi zinanichekesha. Kila bwana harusi anataka waridi, mawingu na njiwa wawili. Mmoja wa Bugendana alitaka nimweke na mchumba wake mbele ya bahari, na wote wawili bahari hawajawahi kuiona. Nilimwekea, nifanyeje. Lakini mwezi wa tatu nilipatikana mimi. Kwenye kadi ya mahari nilichora ng'ombe niliyemzoea tangu huko Tanzania, mwenye nundu na pembe fupi. Baba wa bwana harusi akaishika kadi mbali na uso, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ng'ombe iko na ugonjwa?" Nikasema hapana, mzee. "Basi pembe yake iko wapi? Tukipeleka hii watasema tumeleta mbuzi." Nikamchora upya, nikampa pembe ndefu mpaka zikatoka nje ya kadi, na mzee akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Huyo wa pili ndiye niliyekuwekea kwenye bahasha.

Hivyo ndivyo ninavyojifunza nchi yangu, kwa macho. Siku za soko nazunguka kwenye vikapu, natazama mistari myeusi inavyopanda na kukutana juu, kisha naiga kwenye pembe za kalenda zangu. Naokota karatasi za sabuni na maboksi ya kiberiti yenye herufi nzuri. Mama anasema tulirudi na mabati na magodoro, mimi peke yangu nikarudi na ugonjwa wa takataka.

Sasa nije kwenye ukuta, kwa sababu jibu lako liko pale.

Kule Muyinga yupo bwana mmoja, Houssein, anauza vitenge. Mkewe Zaituni ni fundi cherehani, na duka ni lao wote wawili. Mwaka jana niliwachapia bango la plastiki. Upepo wa kiangazi ukalichana, na jua likala nyekundu yote. Hawakunilaumu. Walisema tu kwamba safari hii wanataka maandishi ya rangi, ukutani kabisa. Nikakubali kwa kiburi. Si nimekua nikikushikia kopo la rangi?

Ukuta wenyewe ni mrefu, umekaa kando ya barabara inayoteremka. Nilipima kutoka chini kimo kimoja huku na huku, nikapiga kamba ya chaki, nikaandika KWA ZAITUNI, herufi zilizonona, na kivuli. Niliposhuka ngazi nilimkuta Houssein amesimama ng'ambo ya barabara. "Dada," akasema, "maandishi iko inashuka. Duka inaonekana kama iko inakimbia wateja." Nikavuka, nikatazama. Kweli, yalikuwa yanateremka pamoja na barabara. Kwenye kompyuta chini ni chini tu, lakini huku milimani chini inahamahama.

Tukapaka nyeupe juu yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikaanza tena, safari hii na pimamaji. Mstari ukalala sawasawa. Kumbe paa nalo limeinama kidogo, na chini ya paa lile mstari ulionyooka unaonekana umepinda. Zaituni akatoka na utepe wake shingoni, akatazama, akasikitika kwa niaba yangu. "Pardon, dada, lakini mi naona sasa inapanda." Tukapaka nyeupe tena.

Hapo ndipo nilipokukumbuka kule kambini, enzi zetu za ukimbizi. Kabla ya kugusa ukuta ulikuwa unavuka njia, unanyoosha brashi mbele ya jicho moja, unasimama hivyo mpaka sisi watoto tunachoka kusubiri. Nilidhani unapumzika. Nikasimama pale Muyinga nikafanya vilevile, sikuona kitu. Nilichoona ni kwamba sina wa kumuuliza. Baba yangu tulimwacha amelala kaburini kule kambini Mtabila, na ndugu yake aliyebaki ni wewe peke yako. Nililia, baba mdogo, mchana kweupe mbele ya wateja wa watu.

Kwa hiyo sikuiti uje kukaa juani tukuletee uji. Nakuita kazini. Mimi nichore kwenye kompyuta, wewe uweke ukutani, na kuta huku ziko nyingi kuliko mafundi. Lugha isikutishe, Muyinga mjini Kiswahili kinasikika kila kona. Mama ameshapiga lipu chumba chenu, dirisha linatazama migomba. Mkiona hapawafai, Gervasi yuko, njia ya Kasulu anaijua. Lakini njoo uone kwanza.

Msalimie sana mama mdogo, Anatoli na mkewe, na Theodosia umwambie kadi yake ya kipaimara nimeianza. Mama anakusalimu wewe shemeji yake na anasema ng'ombe wa kwenye kadi amechorwa vizuri, ila hatoi maziwa.

La mwisho. Houssein alitaka kumwita mchoraji mwingine wa pale sokoni, nikamwomba asubiri hadi maharage yavunwe na mvua zikatike. Sikuwa na haki ya kumwahidi kwamba utakuja, nilijiahidi tu. Wiki iliyopita nilipita tena Muyinga. Ukuta bado mtupu, unang'aa barabara nzima, na kila anayepita anauliza mbona wenye duka wameuacha hivyo. Zaituni anawajibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani: "Fundi wake iko njiani."

Mungu akufungulie njia hiyo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Upendo