Jina Lililo Kwenye Faili

Columbia Heights, Minnesota

Kaka Mwiti,

Mguu wangu umepona na Jumatatu narudi kazini. Mwanangu Brandon yuko salama, na ile picha yake ya siku alipoapishwa kuwa polisi bado iko ukutani.

Kanisani tuna mama Mkongo, Euphrasie, ambaye hajui kusoma. Askari fulani alimvunja mwanawe mkono. Mimi ndiye niliyemhimiza aombe faili la askari huyo, maana hapa polisi akishaadhibiwa, faili huwa wazi kwa yeyote. Lilipofika, kijana alikataa hata kuliona, basi Euphrasie akaniletea nimsomee.

Nilimsomea yote, jinsi kijana alivyopigishwa magoti na alivyolia. Mwishoni kulikuwa na jina la askari: Brandon Gitonga. Gitonga, kaka, jina la baba yetu, nililompa mimi.

Nikamwambia jina limefutwa kwa wino mweusi.

Euphrasie akanishika mikono. "Mama Brandon," akasema, "tuombe Mungu jina litokee." Tukaomba, na amina yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

Usimwambie Mama. Mwambie mguu umepona.

Dadako,
Kagendo