Pete ya Tumboni

Jumanne, 12 mai 2015

Nimelala tena kwa fotei, kiti ya sebuleni. Kulala! Ni kukaa tu na macho ya kufungwa. Nikijinyoosha kitandani hata kidogo, ile maji kali inapanda toka tumboni mpaka kwa koo, inaingia hata puani, naamka nakohoa kama mutu wa kifua. Hippolyte amesema asubuhi: kikohozi yako imeamsha mbuzi wa jirani. Bwana yangu huyu, siku atakosa cha kuchekesha atakufa.

Shingo inauma. Miaka hamsini na moja, na nimeanza kulala kama sentineli wa usiku.

Chai: mafunda matatu, imeshuka. Mukate: umekwama. Nikaenda nyuma ya jiko, ikatoka povu, mate, na mukate uleule, haukufika popote. Nimeshazoea. Nimechoka kuzoea.

Ni hii pete. Mupira walionifunga ndani, juu ya tumbo, kule Dubai, 2011, ile safari ya kununua vitenge. Nilikuwa munene mpaka magoti yakakataa ngazi ya ndege, na hostesi akaniletea mukaba wa kuongeza mbele ya watu wote. Dokta wa kule akasema: mama, tunafunga kidogo tu, utashiba upesi. Kweli nilishiba! Miaka miwili nilikuwa sawa, magoti yakapona, nilicheza hata kwa ndoa ya mudogo wangu Jeannine. Ile dokta alisahau kuniambia nani ataangalia hiyo pete hapa Bunia.

Watu waliambiwa nilipasuliwa mawe ya nyongo. Hippolyte ndiye alichagua mawe. Anayejua ni yeye, Jeannine na miye, basi. Hata Séphora, mutoto wangu niliyemuzaa, hajui.

Alhamisi, 14 mai

Soko. Vumbi, jua, helikopta ya Monusko, wale askari wa amani, juu ya vichwa tangu asubuhi. Watu wanaangalia juu, wanaangaliana, wanaendelea kupima sukari.

Anastasie, yule anauza sabuni mbele yangu, amekuja kuketi kwa mizigo yangu. Mama Séphora, unakauka hivi, bwana anakula peke yake? Nikacheka. Halafu akapunguza sauti: opitali wanatoa dawa bure siku hizi, hakuna haya, hata binamu yake anakunywa na amenenepa.

Kumbe! Niko na SIDA sasa, niko na ukimwi!

Nilicheka mpaka asidi ikapanda. Kisha nikaingia nyuma ya mizigo nikalia kidogo. Akaja mama mumoja toka kijiji ya Kilo, anatafuta kitenge ya korali yao ya kanisa, rangi moja watu wote. Nikapanguza macho, nikamushushia ile ya bluu.

Jumapili, 17 mai

Jamaa ya Yves wamekuja kwetu. Yves ndiye anataka kuoa Séphora wetu. Kijana mupole, anafundisha hesabu, anacheka kwa pua. Wao ni watu wa ng'ombe, wa hapahapa Ituri toka mababu. Siye tulitoka Butembo na mizigo ya biashara kichwani. Wakati wa vita kila mutu alikula kwake. Sasa ni amani, wanasema. Tunasalimiana, tunauziana, watoto wetu wanapendana. Kula kwa mwenzako, hiyo bado inachelewa.

Ndiyo maana kuna hii kitu tunafanya siku hizi na hakuna mutu anaitaja: aliyeleta chakula anaonja kwanza, mbele ya watu, waone haina sumu. Ndipo anagawa.

Dorothée, mama ya Yves, ameleta maziwa kwa kibuyu, siagi ya ng'ombe, na mbavu za mbuzi za kuchoma. Ni mama murefu, sauti ya chini, anatembea kama hakuna kitu kinamukimbiza. Ameonja maziwa, amepangusa mudomo wa kibuyu, amenipa kwa mikono miwili. Nimekunywa. Ikapita! Tamu, baridi. Nikamwambia aksanti bokilo, mukwe wangu, akatabasamu.

Halafu nyama.

Niliishika. Niligeuza. Nilipeleka kwa mudomo nikairudisha, nikaongea juu ya mvua. Mwisho nikaikunja kwa karatasi nikaiweka mu saki, mufuko wa mukono. Nikainua macho: Dorothée alikuwa ananiangalia. Alianza kukusanya vyombo vyake mapema kuliko desturi.

Jumatatu, 18 mai

Séphora amerudi kwa kazi macho mekundu. Yves amemwambia yote. Njiani wakirudi, mama yake aliuliza neno moja tu: yule mama anaogopa mikono yangu? Na Muzee Vital, baba mukubwa wa Yves, yeye ndiye anasemea jamaa, alisema: mutu anaficha nyama yetu mu saki, ataweza kutuachia mutoto wake namna gani?

Sasa wanatuita kwao, Bigo, Jumamosi tarehe 30. Tutakula sahani moja. Nikikula, tunapanga siku ya ndoa palepale mezani. Nisipokula — Séphora hakumaliza.

Mama, kula tu, amesema. Hata kidogo. Kwa ajili yangu.

Nimemwambia nitakula. Ningesema nini?

Jumatano, 20 mai

Nimeenda kwa dokta Gaspard, kliniki yake ndogo nyuma ya kanisa. Amenikunywesha kitu cheupe, kizito, kama chokaa, akanisimamisha mbele ya mashine ya radio, ile ya kupiga picha ya ndani. Amenionyesha picha kwa dirisha. Hii ni pete, imeteleza. Na hapa juu yake, njia ya chakula imepanuka, imekuwa mufuko. Chakula inangojea mule, ukilala inarudi pamoja na asidi, na ngozi ya ndani imeungua.

Nilimuuliza itoke namna gani. Kwanza maji yaliyo ndani ya pete yatolewe, kwa sindano, kupitia kile kifuniko kidogo chini ya ngozi, pale mbavu zinaishia. Yeye sindano hiyo hana na hawezi kujaribu. Niende Kampala. Wiki hii. Tangu leo maji-maji tu, na kulala kichwa juu. Nyama na fufu, hapana kabisa! Ikiziba, hata mate haitapita.

Nikauliza: kisha tarehe 30 haiwezekani?

Ameniangalia juu ya miwani. Mama Kanyere, amesema, unataka nimuombe tumbo ruhusa?

Dokta huyu angeoa dada ya Hippolyte. Wangefanana kwa utani.

Ijumaa, 22 mai

Hippolyte amerudi toka Mongbwalu, matope mpaka magoti, anauzia wachimbaji mapanga na tochi kule. Nimengoja aoge, ale. Nikamwambia: tuwaambie watu wa Yves ukweli. Mupira, Dubai, yote.

Ameweka kikombe chini. Tutasema nini? Kwamba Mungu alitupatia chakula na siye tukalipa watu watufunge tumbo? Watu wamekimbia vijiji vyao wanalala kwa saruji ya kanisa, watoto wanalia njaa, na miye muzee wa kanisa napita nyumba kwa nyumba kuomba maharagi yao! Watanicheka, Kanyere. Au hawatacheka, hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nikasema: na Séphora?

Akasema: kunywa maziwa, gusa nyama, basi. Kisha tunaenda Kampala Jumatatu yake, nimeshamuona mwenye bisi ya kutupeleka.

Nilikasirika. Ni tumbo yangu, ni miye nakohoa, na ni yeye anaona haya! Lakini ni kweli na miye naona haya. Nikipita pale kanisani na wale bamama wanakoroga uji, naangalia chini.

Jioni nimemukuta amelala chini ya kitanda. Ameweka matofali kwa miguu ya kitanda, upande wa kichwa, mawili-mawili. Jumamosi asubuhi, naongeza: nimelala kweli, masaa mengi. Yeye aliteleza mpaka chini, nimemukuta amejikunja kwenye miguu yangu. Siwezi kumuchukia.

Jumatatu, 25 mai

Uji. Umerudi. Uji!

Jumatano, 27 mai

Nimejaribu, peke yangu mu jiko, mulango wa kufunga. Kipande cha nyama kama punje ya haragi. Nimetafuna mpaka ikawa si kitu tena, mpaka taya ikauma. Nimemeza. Nimesimama wima, mukono kwa kifua, nangoja kama mutu anangoja jibu ya mutihani.

Imepita! Nimeimba! Séphora akapiga mulango: mama, kuna nini? Nikasema hakuna, ni furaha ya Jumamosi. Akafurahi na yeye, akaanza kunionyesha nguo atavaa.

Punje moja. Nitaomba wanikatie punje moja.

Jumamosi, 30 mai

Naandika nikiwa Bigo, nyumbani mwa Dorothée, mu chumba chake. Ni saa nane ya muchana. Wamenilaza kwa mugongo na kuondoa mito, eti nipumue. Walipotoka tu nimeketi. Niko na beseni kwa magoti. Sauti haitoki. Nikijaribu kuongea ni povu. Mukono tu ndio unafanya kazi, basi niandike, nisipoandika nitapiga ukuta.

Walitupokea vizuri. Viti vilivyopanguswa, maua ya plastiki, picha ya marehemu baba ya Yves. Upande wetu: Hippolyte, miye, Séphora, na kaka ya Hippolyte, Eugène, ambaye haamini hata maji ya mvua. Upande wao: Muzee Vital, Dorothée, Yves, bamama wawili wa jamaa.

Dorothée ameonja kila kitu. Fufu. Sombe. Maziwa. Nyama. Hata maji ya kunywa! Kijiko kimoja, polepole, akitazama miye tu. Halafu akafanya kitu sijaona hata kwetu: amechukua kipande cha nyama, amepasua nusu kwa vidole, nusu moja ameweka mudomoni mwake, ametafuna, amemeza, amefungua mudomo tuone. Nusu ya pili ameileta mudomoni mwangu. Kwa mukono wake. Bamama wakapiga vigelegele.

Nilitaka kusema nikatie kidogo. Lakini mukono ulikuwa umeshafika, na nyuma yake Séphora, na ule uso wake.

Nikafungua mudomo.

Nimetafuna mpaka watu wameacha kuongea. Nikameza. Nikacheka, Dorothée akacheka, Muzee Vital akasema sasa tuongee tarehe. Na palepale, katikati ya kifua, ikasimama. Mate yakaanza kupanda, mengi, ya moto. Niliinuka. Nilitaka kufika nje, Mungu ananiona. Sikufika. Yote imeenda kwa mukeka yao, maziwa na povu, na nyama bado haijatoka. Naisikia mpaka sasa.

Nimesikia vijiko vinawekwa chini, kimoja kimoja.

Muzee Vital alisema: nusu moja Dorothée amekula mwenyewe, wote mumeona.

Na Eugène wetu, huyu Eugène! akasema: nusu ziko mbili.

Hippolyte akapiga kelele: ni malaria, muke wangu amekuwa na malaria wiki yote! Hakuna aliyemusikia, hata miye nisingemuamini. Yves alisimama mbele ya mama yake kama kuna mutu anataka kumupiga. Hakuna mutu alikuwa anataka kumupiga. Lakini alisimama. Na Séphora alibaki upande ule wa meza, kwetu. Wale watoto walikaa kiti kimoja saa moja iliyopita.

Kisha Eugène amechukua nyama ya sahani akaitupia mbwa wa nyumba hii, tuone, anasema. Muzee Vital akasema ndiyo, tuone! Sasa wote wako nje mu kiwanja. Dirisha iko wazi, nawaona. Wazee wazima, na suti, na kofia kwa mikono, wameketi duara wanaangalia mbwa. Mbwa amemaliza nyama, anatingisha mukia, anaomba ingine. Ningeweza kucheka mpaka nikafa.

Dorothée hayuko nje. Yeye ndiye amenibeba mpaka hapa. Amepiga magoti akapangusa mukeka mwenyewe, akakataa bamama wamusaidie, kisha akaja akaketi kwa kitanda, mikono yake wazi juu ya magoti. Mama Séphora, amesema, niliwaficha watu wenu watatu mu chumba hii wakati wa vita. Walikula kwa mikono hii. Niambie basi nimekukosea nini. Nikafungua mudomo, ikatoka povu. Akainuka haraka: ngoja, naleta maji ya moto.

Hajui kwamba hata maji hayatapita.

Nimekuwa na haya miaka minne. Leo haya iko nyingine.

Nageukia dirisha. Naangalia. Mbwa amelala! Amejinyoosha kwa kivuli ya ukuta, hatingishi kitu. Eugène amesimama. Muzee Vital anasema: ameshiba, mbwa akishiba analala! Eugène anasema mbwa gani analala na watu kumi juu ya kichwa? Anamuita mwenzake wa soko kwa simu. Hippolyte, sema! Sema ukweli, weye, uko hapo, miye siwezi! Amejifunika uso kwa mikono. Séphora amevua ule mukufu Yves alimupa, ameushika tu, hajui auweke wapi.

Kandambili za Dorothée kwa korido, na kikombe kinagonga sahani yake.

Nimeshafungua vifungo vya blauzi. Hiki hapa kifuniko cha pete, chini ya mbavu, kigumu, cha mviringo, ukigusa kinakimbia kidogo chini ya ngozi. Sina sauti ya kumwambia. Ataweka mukono wake mwenyewe. Anasukuma mulango. Naacha kalamu nishike mukono wake.